Kusimama Wima Bila Kujikaza: Mkao wa Mwili na Kushuka kwa Kizazi

Miongoni mwa maradhi ambayo wanawake wengi huyabeba kimyakimya ni kushuka kwa viungo vya ndani ya nyonga. Katika mazungumzo ya kawaida hali hii huitwa kushuka kwa kizazi, ingawa si kizazi peke yake kinachoweza kushuka. Aliyepatwa nayo mara nyingi huona haya kuieleza, na haya hiyo ndiyo inayomfikisha mikononi mwa wauzaji wa mikanda ya tumbo, dawa za kuingiza ukeni na vifaa vinavyodaiwa kurudisha kizazi mahali pake. Fedha hupotea, na wakati mwingine afya nayo huharibika.

Somo hili linahusu jambo moja lisilouzwa dukani: kujifunza kusimama, kuketi na kufanya kazi kwa mkao ulio wima na usio na mkazo. Halichukui nafasi ya uchunguzi wa daktari au mkunga. Makusudio yake ni mawili: kumwezesha msomaji kuupunguzia mwili wake mzigo usio wa lazima, na kumwezesha kuyapima madai ya muuzaji kabla hajatoa fedha yake.

Ni nini kinachoshuka?

Chini ya fupanyonga lipo tabaka la misuli na kano linaloitwa sakafu ya nyonga. Tabaka hili limetandazwa kutoka mfupa wa kinena, mbele, hadi kifandugu, nyuma. Juu yake hukaa kibofu cha mkojo upande wa mbele, kizazi katikati na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana upande wa nyuma. Ukitaka kuielewa sakafu hii, fikiria kitanda cha kamba. Kamba zikiwa zimekazwa vizuri, alalaye hubaki juu. Zikilegea au baadhi zikikatika, hubonyea katikati na kuelekea chini. Kiungo kilichokosa egemeo husukuma ukuta wa uke na kuanza kushuka.

Sababu kubwa ni uzazi, hususan uchungu wa muda mrefu, mtoto mkubwa au kuzaa mara nyingi. Sababu nyingine ni umri na kupungua kwa homoni baada ya hedhi kukoma, kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu cha mara kwa mara, unene uliozidi, kubeba mizigo mizito na maumbile ya kurithi. Hata mwanamke aliyeondolewa kizazi anaweza kushukwa na kibofu au utumbo. Hali hii si laana, wala si alama ya mwenendo mbaya. Ni udhaifu wa misuli na kano, kama ulivyo udhaifu wa goti au wa mgongo.

Dalili za kawaida ni kuhisi uzito au uvimbe ukeni, kana kwamba kuna kitu kinachotaka kutoka. Huenda pia kiuno kikauma, mkojo ukashindwa kuisha kibofuni, au choo kikashindwa kutoka vizuri. Dalili hizi mara nyingi ni nafuu asubuhi na huongezeka jioni, baada ya kutwa nzima ya kusimama. Wapo pia wanawake walioshuka kidogo wasiohisi chochote na wasiohitaji matibabu yoyote.

Mkao unahusikaje?

Tumbo ni kama kiriba kilichojaa maji. Juu limefungwa na kiwambo cha kupumulia, mbele na ubavuni na misuli ya tumbo, nyuma na uti wa mgongo, na chini na sakafu ya nyonga. Ukikibana kiriba katikati, maji hayapotei; hukimbilia juu na chini, na pale palipo dhaifu ndipo panapovimba. Kila unapokohoa, unapoinua ndoo au unapojikamua chooni, msukumo wa namna hii hutokea ndani ya tumbo. Sakafu iliyokwisha kudhoofika ndiyo inayoupokea.

Jambo la pili ni mwelekeo wa fupanyonga lenyewe. Mwanamke anaposimama kwa mkao wake wa asili, ncha mbili za mifupa ya nyonga zilizo mbele huwa karibu katika mstari mmoja wa wima na mfupa wa kinena. Hivyo mlango wa juu wa fupanyonga hautazami juu kabisa, umeinamia mbele. Sehemu ya uzito wa tumbo huegemea mfupa wa kinena na ukuta wa chini wa tumbo, badala ya kuangukia moja kwa moja juu ya sakafu. Anapokunja mgongo na kuingiza makalio chini, mbonyeo wa kiuno hupotea na mlango huo hugeuka kutazama juu zaidi.

Tafiti zilizochapishwa mwaka 2000 ziliwalinganisha wanawake wenye tatizo hili na wasio nalo. Ziliona kuwa kupotea kwa mbonyeo wa kawaida wa kiuno kuliandamana mara nyingi zaidi na kushuka kwa viungo. Watafiti wengine waliopima misuli ya sakafu ya nyonga waliona kuwa hufanya kazi zaidi mtu anapoketi wima kuliko anapoketi amejikunja.

Hapa pana mpaka unaopasa kuheshimiwa. Mambo mawili kuandamana hakuthibitishi kuwa moja ndilo lililosababisha jingine. Mkao mzuri hupunguza mzigo na unaweza kupunguza ule uzito unaohisiwa jioni, lakini hauungi kano iliyokatika wala haupandishi kizazi kilichokwisha kutoka nje. Yeyote anayekuuzia mafunzo, video au kiti kwa ahadi ya kuponya kabisa kwa mkao peke yake anakuahidi kisichothibitishwa.

Wima si ukakamavu

Wengi wakiambiwa wasimame wima hutoa kifua mbele, huvuta tumbo ndani, hukaza makalio na kufunga magoti, kama askari katika gwaride. Mkao huo si wa somo hili. Tumbo lililovutwa ndani kutwa nzima ni kiriba kilichobanwa katikati. Pumzi iliyozuiwa hukifunga kiwambo kisishuke na kupanda kama kipasavyo. Misuli iliyokazwa bila kupumzishwa huchoka, na ikichoka hushindwa kuitika kikohozi kinapokuja ghafla.

Mfano bora ni mwanamke aliyezoea kubeba mzigo mwepesi kichwani. Shingo yake imenyooka, macho yanatazama mbele, mabega yameshuka, nyonga zinacheza kwa uhuru na pumzi inaingia na kutoka bila taabu. Hakujilazimisha kuwa wima. Mifupa yake imepangana, mmoja juu ya mwingine, na misuli inafanya kazi ndogo tu ya kuilinda isiyumbe. Mwenye kizazi kilichoshuka auchukue mkao huo, na ndoo ya lita 20 aiache, kwani uzito wake ni kilo 20.

Somo kwa vitendo: kusimama

1. Vua viatu, usimame kwenye sakafu iliyo sawa. Tenganisha nyayo kwa upana wa nyonga. Uzito ugawanyike sawa kati ya visigino na sehemu pana ya mbele ya nyayo.

2. Legeza magoti. Yasikunjwe, wala yasisukumwe nyuma hadi yakafunga.

3. Weka viganja juu ya nyonga. Fikiria kuwa nyonga ni bakuli la maji. Liinamishe polepole kana kwamba unamwaga maji mbele, kisha kana kwamba unayamwaga nyuma. Rudia mara tatu au nne, halafu tulia mahali ambapo maji yasingemwagika. Kiuno kibaki na mbonyeo wake mdogo, usiuzidishe, usiufute.

4. Liachie tumbo. Usilivute ndani, usilisukume nje.

5. Pandisha mabega hadi karibu na masikio, kisha yaachie yashuke yenyewe.

6. Fikiria uzi unaovuta utosi wako kwenda juu. Kidevu kiwe sambamba na sakafu, wala kisiinuke.

7. Vuta pumzi kwa pua hadi uhisi mbavu zikitanuka na tumbo likijaa kidogo. Itoe polepole. Fanya hivyo mara tano.

Kipimo cha kujua kama umefaulu ni rahisi. Jaribu kusema sentensi mbili au kucheka. Ikiwa sauti inabanwa au pumzi inakatika, bado umejikaza; rudi hatua ya nne. Mwanzoni mkao huu unaweza kuonekana mgeni, na mtu akajisahau baada ya dakika mbili. Usijilaumu. Uambatanishe na jambo unalolifanya kila siku: unapopiga mswaki, unaposubiri daladala, unapongoja uji uchemke. Ukipata maumivu mapya ya mgongo au nyonga, acha na umwone mtaalamu wa fiziotherapia.

Kuketi na kufanya kazi

Unapoketi, egemea ile mifupa miwili inayosikika ndani ya makalio, si mkia wa mgongo. Magoti yasiwe juu kuliko nyonga. Kigoda kifupi na mbuzi ya kukunia nazi hulazimisha mgongo kujikunja. Keti juu ya kanga iliyokunjwa, au tafuta kiti kirefu zaidi, na uinuke kila baada ya muda mfupi. Anayenyonyesha amlete mtoto kifuani kwa kumwekea mto, badala ya kujipinda kumfuata.

Unapoinua kitu, kisogelee kwanza. Kunja nyonga na magoti, kaza sakafu ya nyonga, kisha toa pumzi wakati ule ule unapoinua. Usizuie pumzi. Ndoo mbili zilizojaa nusu ni salama kuliko moja iliyojaa, hata kama safari zinaongezeka. Kwa kufagia uwanja, tumia fagio lenye mpini mrefu. Unapohisi kikohozi au chafya inakuja, nyoosha mgongo na ukaze sakafu ya nyonga kabla haijatoka.

Chooni usijikamue. Kwenye choo cha kukaa, weka miguu juu ya kigoda kidogo, inamia mbele kwa mgongo ulionyooka, liachie tumbo na utoe pumzi taratibu. Kwenye choo cha kuchuchumaa, shika pa kujishikilia ili usilazimike kujikaza. Maji ya kutosha, mboga za majani, maharage na mapapai hulainisha choo. Jioni uzito unapozidi, jinyooshe kitandani kwa muda mfupi. Ukilala, sakafu ya nyonga haibebi uzito wa viungo vilivyo juu yake.

Neno hili linawahusu pia waume, watoto na ndugu wanaoishi na mgonjwa. Kumwambia mama anyooshe mgongo hakutamfaa ikiwa kila alfajiri ni yeye peke yake anayechota maji ya nyumba nzima. Kumpokea ndoo ni sehemu ya matibabu yake.

Mkao na mazoezi huenda pamoja

Mkao ni nguzo moja. Nguzo iliyothibitishwa zaidi ni mazoezi ya sakafu ya nyonga. Daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika kuyahusu mwaka 1948. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Lancet uliwahusisha wanawake 447 wenye kushuka kwa viungo. Waliofundishwa mazoezi mmoja mmoja na mtaalamu walipata nafuu ya dalili kuliko wale waliopewa maelezo ya maandishi tu. Mwongozo wa kitaifa wa tiba wa Uingereza wa mwaka 2019 unapendekeza kufikiria mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu, kwa angalau wiki 16, kama hatua ya kwanza kwa wenye dalili za ngazi mbili za mwanzo.

Simama au keti katika mkao uliojifunza. Kaza kana kwamba unazuia upepo na mkojo kwa pamoja, na uhisi misuli ikipanda ndani. Makalio na mapaja yabaki yamelegea, na pumzi iendelee. Shikilia kwa kadiri unavyoweza, hadi ufikie kuhesabu 10, kisha achia kabisa kwa muda kama huo. Fanya mara 8, mara 3 kwa siku. Usiyafanye wakati wa kukojoa. Kuachia ni muhimu sawa na kukaza. Ikiwa kukaza kunaleta maumivu, usiendelee kabla ya kuchunguzwa.

Kabla hujanunua

Mikanda ya kubana tumbo. Desturi ya kufunga tumbo baada ya kujifungua inajulikana sana kwetu. Kanga iliyofungwa kwa ulegevu humpa mzazi faraja. Mkanda unaobana hadi pumzi inakuwa fupi, hata hivyo, husukuma chini. Rejea mfano wa kiriba. Hakuna mkanda wa tumbo unaorudisha kizazi.

Dawa za kuingiza ukeni na mvuke. Vifurushi vya mitishamba, limau, chumvi na vinginevyo vinavyodaiwa kukaza uke vinaweza kuunguza ngozi na kuleta maambukizi. Mwaka 2019 jarida la madaktari wa uzazi nchini Kanada lilichapisha taarifa ya mwanamke wa miaka 62 aliyejifukiza mvuke ukeni akitumaini kutibu kushuka kwa viungo. Alipata majeraha ya moto ya daraja la pili, na upasuaji wake ukalazimika kuahirishwa.

Pesari. Hiki ni kifaa halali cha tiba, mara nyingi chenye umbo la pete na kilichotengenezwa kwa silikoni, kinachowekwa ukeni ili kushikilia viungo. Huwafaa wanawake wengi wasiotaka au wasioweza kufanyiwa upasuaji. Lakini saizi yake hupimwa na mhudumu wa afya, na hukaguliwa na kusafishwa kwa ratiba. Usinunue pesari mtandaoni na kujiwekea kwa kubahatisha.

Nyavu za upasuaji. Aprili 16, 2019, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) iliamuru watengenezaji waache kuuza nyavu zinazowekwa kupitia ukeni kwa ajili ya tatizo hili, kwa kuwa hawakuthibitisha vya kutosha kuwa faida yake inazidi madhara. Uingereza ilikuwa imeweka vizuizi vikali juu yake Julai 2018. Ikiwa umeshauriwa kufanyiwa upasuaji, una haki ya kuuliza: je, utatumia wavu? Kwa nini? Njia nyingine ni ipi? Nikipata tatizo baadaye, nitatibiwa wapi?

Kwa bidhaa yoyote, uliza maswali manne. Imesajiliwa na nani? Nani ameitengeneza, na anwani yake ipo kwenye kifungashio? Inadai kutibu nini hasa? Nani atawajibika ikinidhuru? Nchini Tanzania vifaa tiba vinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na waganga wa asili na dawa zao husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Nchini Kenya dawa na vifaa tiba vipo chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Tunza risiti na kifungashio. Bila hivyo malalamiko yako yatakuwa magumu kufuatilia.

Usisubiri

Nenda kituo cha afya haraka ukiona mojawapo ya haya: mkojo kushindwa kutoka, kutokwa na damu, hasa baada ya hedhi kukoma, kidonda kwenye sehemu iliyotoka, uchafu wenye harufu mbaya, homa, au sehemu iliyotoka kuuma, kubadilika rangi na kukataa kurudi. Mkojo unaovuja mfululizo usiku na mchana baada ya uzazi mgumu unaweza kuwa fistula, ambayo ni tatizo tofauti lenye tiba yake. Hata bila dalili hizo, kila anayehisi uvimbe ukeni achunguzwe angalau mara moja, kwa sababu si kila uvimbe ni kizazi kilichoshuka.

Ukiona haya, anza kwa sentensi hii: "Nahisi kitu kinashuka ukeni, naomba kuchunguzwa." Inatosha. Una haki ya kuchunguzwa faraghani na kuomba mhudumu wa kike awepo.

Jipime: kweli au si kweli?

1. Kuvuta tumbo ndani siku nzima huzuia kizazi kisishuke.
2. Mkao mzuri hupunguza mzigo, lakini hautoshi peke yake.
3. Wakati wa kuinua mzigo, pumzi hutolewa.
4. Pesari inaweza kununuliwa popote, kwani saizi zote ni sawa.

Majibu: 1 si kweli, 2 kweli, 3 kweli, 4 si kweli.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Chagua nyakati tatu za siku na ufanye zile hatua saba za kusimama kila wakati mmoja. Kila jioni andika neno moja kuhusu uzito unaohisi: pungufu, uleule, au zaidi. Baada ya siku saba, ichukue karatasi hiyo uende nayo kliniki. Itamsaidia mhudumu kuona siku zako zinavyokwenda, nawe itakupa pa kuanzia mazungumzo.